Fundisha Safari ya Elektroni kwa Kitenge na Mpira

Mwalimu wa fizikia wa Busia au Tororo, wanafunzi wakikuuliza habari za kompyuta za kwanta, usiogope kwamba huna maabara. Kitenge cha yadi 6 kutoka upande wowote wa mpaka wa Kenya na Uganda, mpira wa tenisi na wanafunzi 16 vinatosha kipindi kizima. Hata walimu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Busitema, kampasi ya Nagongera, wanaweza kulijaribu somo hili wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

1. Anza na tatizo. Mwaka 1998 Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza taarifa itunzwe katika spini ya elektroni iliyonaswa kwenye nukta ya kwanta, yaani kijishimo cha umeme ndani ya chipu. Nukta huathiriana na jirani wa karibu tu, takribani nanomita 100. Ukizibananisha kwa maelfu, nyaya za kuziongoza hukosa pa kupita. Dawa ni kuzitenganisha, kisha elektroni isafirishwe.

2. Panga jozi 8. Zitazamane, zishike kingo za kitenge bila kukikaza. Wote wainue mikono, jozi ya kwanza ishushe. Tia mpira, ambao ndio elektroni, kwenye bonde linalotokea.

3. Pokezana. Ita jozi moja moja: inayofuata ishuke, iliyotangulia ipande. Jozi 8, amri 8. Mmoja akizubaa, mpira unabaki nyuma. Elektroni nayo huachwa vivyo hivyo.

4. Tembeza bonde. Sasa zipe jozi namba 1 hadi 4, kisha urudie 1 hadi 4. Tamka "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" bila kukoma, wenye namba moja washuke kwa pamoja, na wengine vivyo hivyo zamu yao ikifika. Uliza: tungekuwa jozi 80, amri ngapi? Ni 4 zile zile. Watafiti wa Aachen na Jülich, Ujerumani, waliionyesha mbinu hii mwaka 2022 kwa mawimbi manne ya volti.

5. Taja mpaka wa mfano. Mpira hubingirika, spini haibingiriki. Kitenge kinaonyesha njia tu. Kazi ngumu ni spini kufika na hali yake, kwani tofauti ndogo ya uga wa sumaku njiani huivuruga.

6. Funga kwa hesabu. Huko Delft, Uholanzi, elektroni ilisafirishwa kwenda na kurudi, jumla ya mikromita 10, kwa muda usiofika nanosekunde 200. Wakokotoe mwendo: zaidi ya mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Hakuna trela la mpakani Malaba litakaloikamata. Hali ya spini ilihifadhika kwa wastani wa asilimia 99.5. Waulize safari kama hiyo ikirudiwa mara 10 kinabaki nini: 0.995 kwa kipeo cha 10 ni takribani 0.951. Kompyuta yenye manufaa itahitaji safari nyingi kuliko hizo, kwa hiyo hata ile nusu asilimia inayopotea bado ni kubwa.