Siku Moja katika Daftari la Mvua: Somo la Tarehe 4 Desemba

Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na maji ya mto Enziu, karibu na mji wa Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Miezi mitatu hivi kabla ya hapo, tarehe 8 Septemba, serikali ya kitaifa ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa.

Mambo hayo mawili yalitokea katika mwaka mmoja. Msimu ulikuwa wa ukame, lakini ndani yake kulikuwa na siku ya mafuriko. Ndiyo sababu ni muhimu kwa mkazi wa Kitui au Makueni kufahamu jinsi rekodi ya hali ya hewa ya siku moja inavyosomwa, inachoweza kumwambia, na isichoweza.

Rekodi hutoka wapi?

Kituo cha hali ya hewa cha Makindu, Kaunti ya Makueni, ni miongoni mwa vituo vya muda mrefu nchini. Makindu ni mji uliokua kando ya reli ya Mombasa, na vipimo vya mvua vya huko vinarudi nyuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mbali na vituo vikubwa, kuna vipimamvua katika shule, misheni na ofisi za kilimo, ambapo mtu husoma kiasi cha mvua kila siku na kukiandika. Takwimu hizo huhifadhiwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya.

Kabla ya kuwepo madaftari, wazee wa Ukambani walihifadhi historia ya hali ya hewa kwa kuyapa majina makali ya njaa, yaani yua. Yua ya Ngomanisye, ya mwishoni mwa karne ya 19, inakumbukwa hadi leo. Kumbukumbu hiyo hutunza misimu na miaka mibaya. Daftari la mvua huongeza kile ambacho kumbukumbu hupoteza: siku moja moja.

Siku ya mvua huanza saa tatu asubuhi

Mvua hupimwa saa tatu asubuhi. Kipimo hicho ni cha saa 24 zilizotangulia. Kwa hiyo mvua iliyonyesha usiku wa kuamkia tarehe 4 na ile iliyonyesha jioni ya tarehe 4 haziingii katika kipimo kimoja. Anayechukua rekodi aulize kwanza kama tarehe iliyoandikwa ni ya siku ya kusoma kipimo au ya siku iliyotangulia.

Jambo la pili ni tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake ni kwamba mtu alikagua kipimamvua akakuta hakuna maji. Nafasi tupu maana yake ni kwamba hakuna kipimo kilichoandikwa. Anayejaza nafasi tupu kwa sifuri anaweza kuugeuza mwaka wa mvua kuwa mwaka wa kiangazi.

Jambo la tatu ni mahali. Kipimamvua hupima mvua iliyoanguka pale kilipo tu. Rekodi ya Makindu, iliyo katika nyanda za chini, haiwezi kutumiwa kwa mkulima wa milima ya Mbooni au Kilungu, ambako mvua ni nyingi zaidi. Vivyo hivyo, kipimo kilicho kando ya mto kinaweza kuonyesha sifuri huku mto ukijaa kwa mvua iliyonyesha sehemu za juu. Mito mingi ya Kitui ni ya msimu. Leo ni mchanga mkavu, na kesho ni maji yanayobeba gari. Anga safi juu ya kivuko si ruhusa ya kuvuka.

Wastani unaweza kupotosha

Tuchukue mfano wa kufundishia, usio wa kituo chochote. Mtu amekusanya vipimo vya tarehe 4 Desemba kwa miaka 30. Katika miaka 20 hakukuwa na mvua. Katika miaka 7 ilinyesha milimita 3. Katika miaka 3 ilinyesha milimita 43. Jumla ni milimita 150, na wastani ni milimita 5.

Hata hivyo, hakuna mwaka hata mmoja ulionyesha milimita 5. Anayesoma wastani peke yake atadhani tarehe hiyo huwa na manyunyu. Ukweli ni kwamba mara nyingi huwa kavu, na mara chache huwa ya hatari. Ni afadhali kuuliza maswali mawili: mvua ilinyesha katika miaka mingapi kati ya 30? Na kiasi kikubwa kabisa kilikuwa kipi? Swali la kwanza humsaidia mkulima. La pili humsaidia anayejenga daraja, mtaro au nyumba karibu na mto.

Miaka 30 haikuchaguliwa ovyo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipindi cha miaka 30 kupata hali ya kawaida ya mahali, na kipindi kinachotumika sasa ni cha 1991 hadi 2020. Hata hivyo miaka hailingani. Mwaka 1961, 1997 na 2019, Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua za vuli zikawa nyingi mno. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, maeneo makame ya Kenya yalipata misimu mitano mfululizo ya mvua haba.

Kutoka siku moja hadi uamuzi wa kupanda

Katika sehemu kubwa ya Kitui na Makueni, mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi, na Novemba ndio mwezi wake mkuu. Hasara kubwa hutokea mkulima anapopanda kwa mvua ya kwanza, mbegu zikaota, kisha jua likawaka wiki mbili. Mbegu za kununua tena ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawahesabu mvua ya siku moja kuwa mwanzo wa msimu. Kipimo kinachotumika sana ni angalau milimita 20 ndani ya siku moja au mbili, bila kufuatwa na kiangazi kirefu katika mwezi unaofuata. Katika miaka ya 1980, watafiti waliofanya kazi Katumani, Machakos, walichunguza rekodi za miaka mingi na kuona kwamba msimu ukianza mapema, kwa kawaida huwa na mvua nyingi na za muda mrefu zaidi. Ukichelewa, ni busara kuchagua mazao yanayokomaa haraka na kupunguza gharama shambani.

Daftari la nyumbani

Mkazi anaweza kuanza rekodi yake kwa hatua hizi:

1. Atafute chombo chenye mdomo na kitako vya upana sawa, na rula ya milimita.
2. Akiweke mahali wazi. Kama kuna mti au nyumba, umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wake.
3. Apime kila siku saa tatu asubuhi, aandike tarehe na kiasi, kisha amwage maji.
4. Siku isiyo na mvua aandike sifuri. Siku aliyosahau aache wazi.

Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 50 za mraba likipata milimita 20 hupokea lita 1,000, ingawa kiasi fulani hupotea njiani kuelekea tangini.

Kwa rekodi za miaka iliyopita na utabiri wa msimu, wakazi wanaweza kufika katika ofisi ya Mkurugenzi wa Hali ya Hewa wa kaunti yao. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu huonyesha mvua ya leo; daftari huonyesha ni mara ngapi mawingu kama hayo yalileta mvua ya kupandia, na ni mara ngapi yalileta mafuriko.