USALAMA KAZINI: Kila kazi iwe na jina la mtu



Siku hizi mpango wa kazi mara nyingi unatoka kwenye kompyuta. Programu kama Microsoft Project inapanga kazi kwa ngazi. Juu kuna kichwa cha kazi, chini yake kuna kazi ndogo ndogo. Angalia vizuri: kichwa si kazi yenyewe. Ni jumla tu ya kazi zilizo chini yake.

Tuchukue mfano wa mgodi wa dhahabu, kama ule wa Namoya katika teritware ya Kabambare, uliotangazwa kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Kichwa ni «Kutengeneza mashine ya kuvunja mawe», siku 5, saa 8 kila siku. Chini yake:

1. Kuzima umeme na kufunga kufuli: siku 1.
2. Kufungua mashine na kubadilisha vyuma vilivyolika: siku 2.
3. Kuifunga tena: siku 1.
4. Kuijaribu: siku 1.

Fundi mmoja ameandikwa kwenye kazi ya 2: saa 16. Halafu mpangaji anamwandika tena kwenye kichwa. Kompyuta inamwongezea siku zote 5, yaani saa 40. Jumla inakuwa saa 56, na katika zile siku 2 fundi anaonekana kufanya saa 16 kwa siku!

Hatari iko wapi?

Kwanza, hesabu ikiwa ya uongo, mtu aliyechoka kweli hajulikani tena. Na mtu aliyechoka huumia upesi.

Pili, jina likikaa juu ya kichwa peke yake, kazi ya 1 haina mwenyewe. Kila mmoja anafikiri mwenzake amezima umeme. Mwingine anawasha, na mkono wa ndugu yako umo ndani ya mashine.

Basi, wewe unayepanga kazi:

– Andika watu kwenye kazi ndogo, usiwaandike kwenye kichwa.
– Kuzima umeme kuwe na jina la mtu anayeijua kazi hiyo.
– Kapita anasimamia siku zote 5? Mfungulie mstari wake chini ya kichwa: «Kusimamia». Hapo saa zake zitahesabiwa mara moja tu.

Na wewe usiyegusa kompyuta, soma karatasi iliyobandikwa ukutani. Tafuta jina lako. Kama mstari wa kuzima umeme hauna jina, usitie mkono ndani ya mashine. Muulize kapita: «Nani amefunga umeme?» Kisha weka kufuli lako mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwako mpaka utoke.

Kuuliza si woga, wala si kumkosea mkubwa heshima. Kule Kasongo, kule Kabambare, watoto wanakungoja urudi na mikono yako miwili.