Lori Kuukuu na Viraka vya Mwenyewe wa Zamani



Katika somo la mwezi huu twataka kufikiri pamoja habari ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi tu, kumbe lahusu uhai wa watu. Jambo lenyewe ni matengenezo mabaya ambayo mwenye lori huyaacha ndani ya gari lake, kisha akaliuza kwa mtu mwingine pasipo kumwambia neno.

Sisi tukaao Busi na katika vijiji vingine vya wilaya ya Kondoa twategemea sana malori. Mahindi, alizeti, mbaazi, mbao na mifuko ya saruji, vyote huja na kwenda kwa lori. Na mara nyingi lori hilo si jipya. Limepita katika mikono ya watu watatu au wanne kabla ya kufika kwetu. Tena barabara kuu itokayo Dodoma kupita Kondoa hata Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi mwaka 2018 baada ya kutiwa lami. Neema hiyo ni kubwa, lakini imeleta mwendo wa kasi. Breki iliyotosha zamani, gari lilipokwenda polepole katika vumbi na mashimo, haitoshi leo katika lami, hasa lori lililojaa mzigo linapoteremka kutoka milima ya Bereku kuelekea Babati. Kwa hiyo yatupasa kujua kilichomo ndani ya magari tunayoyanunua.

I. Kiraka cha njiani

Kwanza tusimlaumu mtu bure. Si kila kiraka ni kibaya. Dereva akiharibikiwa porini usiku, mbali na gereji, hana budi kutumia alicho nacho. Tangi la mafuta likitoboka, huziba tundu kwa sabuni ya mche, na mafuta hayavuji tena kwa muda. Jani la springi likivunjika, hulifunga kwa mpira uliokatwa katika tubu kuukuu, akaenda pole hata mjini. Mtu wa namna hii ni mwenye akili na saburi, na wote walio juu ya lori humshukuru.

Lakini tazameni vema: kiraka cha njiani kina mpaka wake. Kazi yake ni kulifikisha gari penye fundi na vyombo. Gari likisha kufika, kiraka kitolewe na kazi ifanywe upya. Asipofanya hivyo, amekigeuza kitu cha siku moja kuwa cha miaka mingi.

Twajua pia desturi hii ilivyopata nguvu katika nchi yetu. Baada ya vita na Idi Amin wa Uganda, mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ya petroli kupanda katika dunia yote, Tanzania ilipungukiwa sana fedha za kigeni. Vipuri vilikuwa adimu. Lori liliweza kusimama miezi mingi kwa kukosa kitu kidogo tu. Mafundi wetu wakajifunza kuchonga, kuunga, na kutoa chuma cha gari hili kukitia katika lile. Pasipo ufundi huo mazao mengi yangaliozea vijijini. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje, na baadaye vipuri vikapatikana madukani. Dhiki ilipungua, lakini desturi ikabaki. Jambo lililofanywa kwa kulazimika, wengine sasa hulifanya kwa uvivu au kwa kupenda faida.

II. Viraka vinne vya hatari

Viko viraka vya namna nyingi. Hapa twataja vinne, ili msomaji asiye fundi apate kufahamu.

(1) Breki iliyozibwa. Malori mengi makubwa hutumia breki za upepo. Upepo hutunzwa katika mitungi, kisha hupita katika mipira hata kila gurudumu. Mpira wa ndani wa kopo la breki ukipasuka, upepo huvuja, na breki zote huanza kudhoofika. Fundi wa haraka huukunja mpira wa gurudumu lile na kuubana kwa waya, au huuziba kwa bolti. Mara upepo haupotei tena. Geji mbele ya dereva yaonyesha kwamba yote ni mema. Kumbe gurudumu moja halina breki kabisa! Mengine hubeba kazi yake. Gari huvutwa upande mmoja, na katika mteremko mrefu breki zilizobaki hupata moto mno, nazo zikisha kupata moto hazishiki tena kama ipasavyo.

(2) Fyuzi ya uongo. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa ili ukatike wenyewe, umeme unapozidi kiasi. Ni kama mlinzi afaye kwanza ili nyumba ipone. Mtu aliyechoka kubadili fyuzi huweka mahali pake kipande cha waya mnene au karatasi ya bati ya pakiti ya sigara. Sasa taa zawaka bila kukatika. Lakini kosa lililokuwa likiikata fyuzi halikuondoka, na siku litakapozidi, kitakachoungua si fyuzi, bali ni waya zote, na pengine lori zima pamoja na mzigo.

(3) Chasisi iliyochomelewa. Chasisi ni uti wa mgongo wa lori. Ikipata ufa, wengine hubandika bamba la chuma juu yake, wakachomelea haraka na kupaka rangi nyeusi. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, na bamba likiwa gumu kuliko sehemu zilizo kando, nguvu zote za mzigo hukusanyika penye ukingo wake. Baada ya muda ufa mpya hutokea hapo hapo pembeni, chini ya rangi, usipoonekana.

(4) Springi zilizoongezwa. Mwenye tamaa ya mzigo huongeza majani ya springi ili lori lisilale. Kwa macho gari lasimama vizuri. Lakini breki, ekseli na magurudumu hayakuongezwa nguvu. Yule anunuaye huona springi nene, akafurahi na kusema, “Hili ni lori la kazi,” naye hajui ya kwamba limefanyishwa kazi kupita kiasi chake miaka yote.

Katika mifano hii minne liko jambo moja la kuangalia sana. Kila kiraka huondoa dalili, wala hakiondoi ugonjwa. Upepo hauvuji, taa hazizimiki, ufa hauonekani, lori halilali. Ndiyo maana wazee wetu walisema, “Mficha maradhi, kifo humwumbua.”

III. Mfano wa Kongwa

Mtu asidhani kwamba shida ya kununua gari lililotumika ni ya maskini na wasiosoma tu. Katika mkoa wetu huu wa Dodoma, huko Kongwa, serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 kazi kubwa ya kulima karanga. Mashine mpya zilikuwa hazipatikani upesi, kwa sababu vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha juzi tu. Basi wakanunua matrekta na malori yaliyobaki katika maghala ya majeshi, mengine kutoka mbali kama Visiwa vya Ufilipino. Mengi yalikuwa yamechakaa, na vipuri vyake vilikuwa shida kupatikana. Yalipokutana na miti migumu na udongo wa Kongwa ulio kama saruji wakati wa kiangazi, yakaharibika moja baada ya jingine, na kabla ya mwaka ule kwisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama.

Kazi ile ilishindwa kwa sababu nyingi, kama vile mvua chache na haraka ya wakubwa, wala hatusemi kwamba mashine kuukuu ndizo zilizokuwa sababu ya pekee. Mwaka 1951 iliachwa, na hasara yake ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Lakini fundisho moja latuhusu: wenye fedha, wenye elimu na wenye wahandisi walinunua mashine pasipo kujua vema yaliyozipata katika mikono ya kwanza. Ikiwa wao walipata hasara, je! sisi wenye lori moja la kununua kwa akiba ya miaka kumi tutanunua kwa kutazama rangi tu?

IV. Wajibu wa mwenye kuuza

Wako wasemao, “Bei yenyewe yaonyesha hali ya gari. Anunuaye kitu kuukuu ajue ni kuukuu.” Neno hili lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Uchakavu unaoonekana, kama viti vilivyoraruka na bati lililopindika, kweli umo katika bei. Breki iliyozibwa haimo katika bei, maana mnunuzi haijui. Mwuzaji ametwaa bei ya breki sita, akatoa tano.

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa mwaka 1529, inapoeleza amri ya saba haimtaji mwivi wa usiku peke yake. Yahesabu pia mali ipatwayo kwa bidhaa ya udanganyifu. Wengi wetu tulijifunza maneno hayo utotoni. Basi tuyafikishe hata penye soko la magari na kwa madalali wake.

Lakini liko neno jingine. Mara nyingi mwuzaji wa tatu hadanganyi kwa kusudi. Yeye mwenyewe hajui. Wa kwanza aliziba mpira wa breki, akanyamaza. Wa pili alinunua, hakuuona. Wa tatu alipewa gari lenye kuvuta upande, akazoea kuukaza usukani. Hivyo mtu mmoja alinyamaza, na watatu wakawa wajinga. Hatari haikuwa katika waya ule uliobana mpira peke yake, bali katika kusahauliwa kwake. Kiraka kinachojulikana kitaondolewa siku moja. Kisichojulikana hakuna wa kukiondoa.

Kwa hiyo mwenye lori na awe na daftari dogo. Kila tengenezo liandikwe humo: tarehe, jambo lililoharibika, lililofanywa, na kama kazi imekwisha au ni ya muda tu. Siku ya kuuza, daftari liende pamoja na kadi ya gari. Pengine bei itapungua. Lakini mwuzaji atalala usingizi, wala hataogopa kusikia habari za ajali.

V. Wajibu wa mwenye kununua

Naye anunuaye asingoje kuambiwa. Kama chama cha wakulima, usharika au mtu na nduguze wataka kununua lori kuukuu, yafaa kushika mambo haya.

Kwanza, mpeleke fundi wako mwenyewe, si rafiki wa mwuzaji wala wa dalali. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara.

Pili, magurudumu yote yakisha kuwekewa kabari imara, yainuliwe kwa jeki moja moja na kuwekwa juu ya kitegemeo imara. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine ajaribu kulizungusha gurudumu. Lile lizungukalo halina breki.

Tatu, upepo ujazwe, injini izimwe, breki ikanyagwe na kushikwa, na geji itazamwe. Mshale ukishuka upesi, au sauti ya kuvuja ikisikika, itafutwe sababu. Kisha fundi aufuate kila mpira kwa mkono wake, toka mtungini hata kwenye gurudumu.

Nne, fyuzi zifunuliwe zote. Chasisi isafishwe na kutazamwa, na penye rangi mpya katika gari kuukuu paulizwe sababu yake.

Tano, gharama ya kuondoa viraka ihesabiwe kabla ya kupatana bei, na kazi hiyo ifanywe kabla ya kubeba gunia la kwanza. Wengi husema, “Lifanye kazi kwanza, litajitengeneza kwa fedha zake.” Hivyo ndivyo mwenyewe wa zamani alivyosema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sita, dereva na utingo wapewe ruhusa ya kusema. Wao ndio walio ndani ya gari, nao huhisi breki inapovuta na kusikia mlio mgeni. Mwenye mali akiwakemea kila waletapo habari ya ubovu, watajifunza kunyamaza, na viraka vitaanza upya.

Ndugu, lori si la mwenyewe peke yake. Wamo mama warudio mnadani na mizigo yao, na barabarani wamo watoto waendao shule kwa miguu. Hao hawakuliona lori siku ya kununuliwa, wala hawakuulizwa neno. Mwenye kuuza na mwenye kununua wapatanapo, wawakumbuke.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kiraka cha njiani chatofautianaje na udanganyifu? Ni wakati gani cha kwanza hugeuka kuwa cha pili?

2. Mtu maskini mwenye lori bovu afanyeje, akitaka kuliuza kwa haki na kupata fedha za haja yake?

3. Katika kijiji chetu, ni vitu gani vingine vipitavyo mikononi mwa wengi (mashine ya kusaga, pampu ya kisima, nyumba) ambavyo vyafaa kuwekewa daftari?