Somo: Kubalansi Tairi Nyumbani, na Pale Unapopaswa Kumwita Fundi



Wengi wenu mmeshaanza kuendesha gari la mzee au la parokia. Likifika spidi 80 hivi usukani unatetemeka, ukipunguza, unatulia. Mara nyingi hiyo ni balansi. Kwenye falsafa tulizoeshwa kuanza na maana ya neno, basi tuanze hapo.

Balansi siyo alaimenti. Alaimenti ni matairi yanaelekea wapi. Ikiharibika, gari linavuta upande. Balansi ni jinsi uzito ulivyogawanyika kuzunguka gurudumu. Sehemu moja ikizidi gramu 30 tu, kwenye spidi 100 gurudumu la gari dogo linavutwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 5, na mvuto huo unazunguka nalo karibu mara 15 kwa sekunde. Spidi ikiwa maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana mtaani husikii kitu.

Nyumbani ninafanya hivi:

1. Legeza nati gari likiwa chini, zuia matairi mengine, piga jeki, weka stendi.
2. Ng'oa mawe kwenye mifereji ya tairi na kwangua tope lililoganda ndani ya rimu. Wakati mwingine tope ndilo tatizo zima! Tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda usihangaike nayo; balansi haiponyi hayo.
3. Toa vizito vya zamani, laza gurudumu juu ya mizani ya kiputo. Inafanya kazi kama pimamaji ya mwashi: kiputo kinakimbilia upande mwepesi. Ongeza vizito vya gramu 5 au 10 upande huo mpaka kikae katikati, kisha vigawe nusu ndani ya rimu, nusu nje.
4. Rudisha gurudumu, kaza nati kwa kukingamanisha, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Sasa sikilizeni vizuri. Mizani hii inapima gurudumu lililotulia. Linaweza kuwa sawa likilala, kumbe upande wa ndani umezidi hapa na wa nje umezidi kule. Likikimbia linayumba kushoto na kulia. Hilo linaonekana kwenye mashine ya fundi inayolizungusha. Kwa hiyo mtetemo ukibaki, usiongeze vizito kwa kubahatisha. Nenda kwa fundi; huenda hata ni beringi.

Kuokoa hela ni jambo jema, lakini tunaowapakia hawajui hali ya matairi yetu. Wametuamini tu. Katekisimu, namba 2290, inawagusa wanaohatarisha wengine barabarani kwa ulevi au kupenda mwendo kasi, na inaliweka jambo hilo chini ya amri ya tano: Usiue. Mimi naona matairi yaliyopuuzwa hayako mbali na hapo.

Kazi ya wiki hii: kabla ya safari, pitisha mkono kwenye matairi yote manne, na angalia ndani ya rimu. Ukiona kitu usichokielewa, muulize fundi kabla hujapakia watu.