ELIMU YA UVUVI: Kumpata Chewa Mkubwa kwa Mshipi Mdomoni mwa Mto Lukuledi

Mto Lukuledi, utokao upande wa Masasi, humwaga maji yake katika hori ya Lindi, kati ya mji na Kitunda. Hapo maji matamu hukutana na ya chumvi, na mikoko huwapa makinda ya samaki maficho na chakula. Kwa sababu hiyo, mvuvi wa mtumbwi kutoka Mtanda halazimiki kwenda bahari kuu ili kumpata samaki mkubwa. Anachohitaji ni kujua mahali, wakati na namna.

Mahali
Chewa si samaki wa kuzurura. Hukaa chini ya mawe, mapangoni na kando ya magogo yaliyozama, akingoja mkondo umletee mawindo. Wachanga huonekana zaidi kwenye mikoko. Wakubwa hupendelea mawe yaliyo karibu na mdomo wa hori. Mvuvi atafute kina kirefu kinachopakana na maji mafupi, hasa pale kijito kinapoungana na mkondo mkuu.

Wakati
Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mkondo huwa mkali na chubwi haitulii. Maji mafu ndiyo yafaayo zaidi. Hata wakati wa bamvua, ipo nafasi fupi maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Kwa kuwa kujaa na kupwa huchelewa takribani dakika 50 kila siku, mvuvi hodari huhesabu siku za mwezi kabla ya kushusha mtumbwi. Alfajiri na jioni huwa bora kuliko adhuhuri.

Namna
Mshipi uwe mnene, ndoana moja kubwa, na chambo kiwe ngisi au mkizi aliye hai. Chubwi ishushwe hadi iguse chini, kisha iinuliwe kidogo. Chewa akimeza, pima mbili za kwanza zivutwe bila kusita; akiwahi kuingia shimoni hutanua mashavu na mapezi, na mshipi hukatwa na jiwe. Ikitokea hivyo, asivutwe kwa nguvu. Mshipi ulegezwe kwa dakika kadhaa, kwani mara nyingi hutoka mwenyewe.

Kuitunza nyumba ya chewa
Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Aidha, samaki huyu hukua polepole. Jiwe likimalizwa wakubwa wake wote, mbegu hupungua. Inashauriwa kubadilisha mawe na kuwarudisha wadogo majini wakiwa hai. Baruti ni hasara kubwa zaidi: mshipi humtoa samaki mmoja na kuliacha jiwe, ilhali baruti huua makinda na kulivunja jiwe lenyewe. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inapiga marufuku uvuvi wa baruti na sumu.

Usalama
Juu ya mto wamo mamba na viboko. Mvuvi asisimame majini wala kufunga mtumbwi kwenye matete usiku. Avae jaketi la kuokolea maisha na kuwaarifu walio nchi kavu aendako.

Wavuvi wanakumbushwa kukata leseni, na kutoa taarifa za uvuvi haramu kwa Afisa Uvuvi au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kilicho karibu.