Jifunze Neno: "Inhospitable"

Katika somo letu la leo tunaliangalia neno la Kiingereza "inhospitable". Neno hili ni kivumishi.

MAANA
Lina maana mbili. Kwanza, huelezea mtu au jamii isiyokaribisha wageni. Pili, huelezea mahali pasipokalika, kama vile jangwa au mlima wa barafu. Kiswahili hutenganisha mambo haya mawili. Mtu twasema hana ukarimu, lakini jangwa twasema halikaliki. Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, tazama kwanza linasemwa juu ya nani au juu ya nini.

ASILI
Sehemu ya mbele, "in", inakanusha. Sehemu inayobaki inatokana na neno la Kilatini "hospes". Ajabu ni kwamba Warumi walilitumia neno hilo moja kwa mgeni na kwa mwenyeji pia. Mzizi huo huo ndio uliotupatia hospitali, hoteli na hosteli. Huko Ulaya ya kale, hospitali nyingi zilianza kama nyumba za kupokea wasafiri, maskini na wagonjwa.

Kiswahili kina maneno mawili, mgeni na mwenyeji, yaani mwenye mji. Hata hivyo wahenga waliwaunganisha waliposema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MATUMIZI
Tuchukue mfano wa hapa Runzewe, wilayani Bukombe. Tupo kando ya barabara kuu iendayo Rusumo. Madereva wa malori, wafugaji na wachimbaji wadogo wa dhahabu hupita au huhamia hapa. Mgeni akitozwa kodi ya chumba maradufu kwa sababu tu hana ndugu, neno letu linafaa kwa maana ya kwanza. Mashimo ya machimbo yakiachwa wazi na zebaki ikamwagwa kwenye kijito, linafaa kwa maana ya pili. Lakini hapo kuna tofauti: jangwa halikujifanya jangwa, bali mashimo tumeyachimba sisi.

Tukumbuke pia kwamba katika ukanda huu wa dhahabu, wengi wanaoitwa wenyeji leo walifika jana wakiwa wageni. Warumi hawakukosea kutumia neno moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI
1. Katika lugha yako ya nyumbani, mtu asiyekaribisha wageni anaitwaje?
2. Ni nani aliyekupokea ulipofika hapa mara ya kwanza?
3. Ni jambo gani moja kijijini kwetu linalomfanya mgeni ashindwe kukaa, na nani anaweza kuliondoa?