Somo la Hesabu: Orodha Yenye Mwisho

Nimeombwa niandike somo la hesabu katika kurasa zetu za Kiswahili. Nimekubali kwa sababu moja. Muhula uliopita niliwafundisha wadogo zetu wa kidato cha pili jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua sawasawa, na imenipasa nilitengeneze mbele ya watu wote.

Jambo lenyewe ni hili. Ziko namba ambazo si nzima, lakini hutoka katika mlinganyo wa namba nzima unaoanza na 1. Kwa mfano, √2 hutoka katika x² − 2 = 0, na ∛5 hutoka katika x³ − 5 = 0. Namba kama hizo huitwa namba nzima za aljebra. Ile 1 ya mwanzo ndiyo sharti. Nusu haimo. Ukiitia nusu katika mlinganyo wo wote unaoanza na 1, kisha ukazidisha kote ili kuondoa sehemu, utapata 1 na namba shufwa kujumlishwa kuwa sifuri, nayo haiwezekani.

Sasa swali: tukijumlisha namba mbili za namna hii, je, jumla yake nayo ni ya namna hii?

Padri, mwalimu wetu wa hesabu, aliandika ubaoni √2 + √3. Nikainuka upesi. Nikaiita x, nikapata x² = 5 + 2√6. Nikahamisha 5, nikazidisha tena kila upande kwa wenyewe, ikatoka x⁴ − 10x² + 1 = 0. Inaanza na 1! Nikasema, "Padri, ni wazi kwamba kila jumla iko hivyo." Jioni ile ile nikaenda kuwaambia wadogo, nao wakaandika katika madaftari yao.

Kesho yake Padri akaniita. "Mwanangu, umeonyesha moja. Hizo nyingine umezijuaje?" Akaniandikia n² + n + 41, akaniambia nitie 0, 1, 2, na kuendelea. Nikapata 41, 43, 47, 53, zote namba tasa. Nilifika mpaka 39 bila kosa hata moja. Nilipotia 40 nikapata 1681, ambayo ni 41 × 41. Mifano arobaini ilisema ndiyo, wa arobaini na moja ukasema hapana. Nami nilikuwa na mfano mmoja tu! Niliona haya sana.

Basi Padri akanifundisha njia ya kweli. Usiutafute mlinganyo, tafuta orodha. Chukua u = 1 + √2, na orodha ya vitu viwili: 1 na √2. Zidisha kila kimoja kwa u:

u × 1 = 1 + √2
u × √2 = 2 + √2

Tazama, hatukutoka nje ya orodha. Hamisha vyote upande mmoja, upate milinganyo miwili ambayo ndani yake 1 na √2 ni kama vitu visivyojulikana. Viondoe kama tunavyofanya siku zote, na kitakachobaki ni (u − 1)(u − 1) − 2 = 0, yaani u² − 2u − 1 = 0. Kwa nini inaanza na 1? Kwa sababu katika kila mstari u hutokea mara moja tu, mahali pake, bila namba nyingine ya kuizidisha.

Hivyo ndivyo ilivyo hata orodha ikiwa ndefu. Kanuni yenyewe ni hii: ikiwa u, ikizidishwa na kila kitu cha orodha yenye mwisho ambayo si sifuri tupu, hurudisha jumla za vitu vile vile kwa namba nzima, basi u ni namba nzima ya aljebra. Vyote vinavyoweza kujengwa kwa orodha hiyo na namba nzima huitwa moduli. Neno hilo alilitumia Mjerumani Richard Dedekind mwaka 1871. Mwaka 1921 Emmy Noether aliipanua elimu hii toka namba mpaka ringi za namna nyingi.

Angalieni maneno "yenye mwisho". Nusu nayo ina orodha yake: 1, ½, ¼, ⅛, lakini haikomi kamwe, na kanuni haiigusi.

Padri alinipa √2 + ∛5. Orodha yake ni vitu sita: 1, √2, ∛5, ∛25, √2∛5, √2∛25. Zidisha cho chote kwa √2 au kwa ∛5, utarudi humo humo; kwa mfano ∛5 × ∛25 = 5. Basi mlinganyo upo, nami nilijua upo kabla sijauona. Na kwa namba mbili zo zote ni vivyo hivyo: ile 1 ya mwanzo huturuhusu kushusha kila kipeo kikubwa, na orodha hukoma.

Basi nilikuwa nimesema kweli, lakini kwa kubahatisha. Nilirudi kwa wadogo nikawaambia hivyo. Mmoja akauliza, "Kaka, kama jibu ni lile lile, tufute nini?" Nikamwambia, "Futa neno 'ni wazi', uandike sababu."

Nanyi wasomaji, utafuteni mlinganyo wa √2 + ∛5 kwa mikono yenu. Mkipata x⁶ − 6x⁴ − 10x³ + 12x² − 60x + 17 = 0, mmefika.